Mwamba Ngoma Huivutia Kwake: Kumfunza Mwanafunzi Kutambua Upendeleo katika Habari

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Shuleni methali hii hufunzwa kama onyo dhidi ya ubinafsi, ilhali ni maelezo mwafaka ya kazi ya mwandishi wa habari. Makala haya yanashikilia kwamba upendeleo katika vyombo vya habari haumo katika uwongo pekee. Aghalabu umo katika msamiati na sarufi ya sentensi ambazo ni za kweli. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili tayari anazo zana za kuutambua, ila hajazoea kuzitumia nje ya chumba cha mtihani. Mfano utakaotumiwa unatoka katika kisiwa cha Mombasa.

Tukio lenyewe

Jumapili tarehe 2 Februari 2014, polisi waliingia katika Msikiti wa Musa ulioko mtaa wa Majengo, walikokuwa wamekusanyika vijana wengi. Watu kadhaa waliuawa, polisi mmoja alidungwa kisu, na watu zaidi ya 100 walikamatwa. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, msikiti huo pamoja na mingine ya Mombasa ilipekuliwa na kufungwa kwa muda.

Je, aya hiyo haina upendeleo? Tazama tena. Kitenzi "waliingia" ni cha upole kuliko "walivamia". "Waliuawa" haimtaji muuaji, wala "alidungwa" haimtaji mdungaji. Mwalimu aanzie hapa, ili mwanafunzi aelewe mapema kwamba hata mtu mwenye nia njema huchagua maneno.

Mambo matatu ya kuchunguza

Jambo la kwanza ni majina. Vijana waliokuwa na usemi katika msikiti huo waliuita Masjid Shuhadaa, yaani msikiti wa mashahidi. Serikali na wazee wengi waliendelea kuuita Musa. Mwandishi anapochagua mojawapo ya majina hayo, amekwisha kuonyesha anaposimama kabla hata hajasimulia lolote. Hali ni hiyo kwa mkusanyiko wenyewe: kwa walioutayarisha ulikuwa kongamano la dini, na kwa polisi ulikuwa mkutano wa kuwaingiza vijana katika siasa kali. Aliyekamatwa naye aweza kuitwa kijana, muumini, mshukiwa au gaidi. Ni "mshukiwa" tu linalolingana na hali ya mtu ambaye hajahukumiwa na mahakama.

Jambo la pili ni kauli za vitenzi. Linganisha sentensi hizi tatu zilizotungwa kwa ajili ya funzo hili: "Polisi walivunja milango", "Milango ilivunjwa" na "Milango ilivunjika". Ya kwanza ina mtenda. Ya pili, katika kauli ya kutendwa, imemficha, lakini msomaji angali anaweza kuuliza, "Ilivunjwa na nani?" Ya tatu, katika kauli ya kutendeka, imelifunga swali hilo kabisa, kwani sarufi ya Kiswahili hairuhusu "ilivunjika na polisi". Mlango umekuwa kama uliojivunjikia wenyewe. Vivyo hivyo, "vijana walipoteza maisha" si sawa na "vijana walipigwa risasi".

Jambo la tatu ni vitenzi vya usemi. Ofisa wa serikali "alithibitisha", ilhali mama wa kijana "alidai". Yamkini wote wawili walisema tu, na hakuna aliyeleta ushahidi. Mwanafunzi na apigie mstari kila kitenzi cha aina hii, kisha ahesabu ni nani aliyepewa nafasi ya kusema, ni nani aliyetangulia, na ni nani aliyetajwa bila kuulizwa lolote.

Upendeleo uliotangazwa na uliofichwa

Yafaa ikumbukwe kwamba kuegemea upande si kosa daima. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliliita kwa jina lenye maana ya marekebisho. Msomaji alijua tangu ukurasa wa kwanza kwamba mwenye gazeti alitaka kuirekebisha jamii yake. Makala ya maoni yana haki hiyo. Tatizo ni maoni yanapovishwa kanzu ya habari.

Zoezi la darasani

Mwalimu awape wanafunzi mambo matano yaliyothibitishwa kuhusu tukio moja. Kila mmoja aandike habari mbili, bila kuongeza wala kubadilisha jambo: moja impendeze ofisa wa polisi, nyingine impendeze mkazi wa Majengo. Kisha zisomwe kwa sauti, na darasa litaje neno lililofanya kazi. Mwishowe waandike habari ya tatu ambayo wasomaji wote wawili wataikubali, hata kama hawataifurahia.

Zoezi hili lina faida ya ziada, nayo ni kumrudisha mwanafunzi kwake mwenyewe. Katika baraza za Mji wa Kale, si vigumu kumpata anayezitambua hila za magazeti ya Nairobi. Ni nadra kumpata anayeuliza kwa nini simulizi ya mtaani humsahau yule polisi aliyedungwa kisu. Nyani haoni kundule. Mwanafunzi anayeona upendeleo wa wengine pekee hajafunzwa bado.

Hitimisho

Somo hili si la kujipambia tahakiki. Neno "gaidi" likishamganda kijana wa Majengo, humfuata anapotafuta kazi hata kama mahakama imemwachilia. Neno "shahidi" nalo likirudiwa bila kuhojiwa, laweza kumvuta mdogo wake aifuate njia hiyohiyo. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba wahadhiri wa isimu na fasihi watenge angalau kipindi kimoja kila muhula kwa ajili ya kuchambua habari za wiki hiyo, na kwamba kila mara wachague habari mbili kutoka pande mbili, mojawapo ikiwa ile ambayo darasa lenyewe lina mwelekeo wa kuiamini.