Tujaribu kwa Kiasi

Akina mama na akina baba wa vikundi vya Kiembeni, hofu ya hasara imeua miradi mingi kabla haijaanza.

Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi. Mitano ilikufa. Hawakuacha. Kufikia 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, vikundi vya akina mama vilikuwa vimepanda miti zaidi ya milioni 30.

Basi tufanyeje?

1. Anzeni kidogo: kuku kumi, si mia.
2. Wekeni pesa ambazo hata zikipotea, watoto hawalali njaa.
3. Kikiharibika kitu, andikeni sababu.

Maswali ya kikundi: Twaogopa hasara, au twaogopa kuchekwa? Hasara ikitokea, tutaigawana vipi?