Kula Chumvi Nyingi: Chumvi na Shinikizo la Damu katika Panya, Sokwe na Binadamu

Mzee katika Kiswahili husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Makala haya yanaichukua nahau hiyo kwa maana yake ya msingi na kuuliza: chumvi hiyo humtendea nini mlaji?

Istilahi yenyewe inahitaji tahadhari. Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu huzisukuma nayo kuta za mishipa. Kila aliye hai analo. Kusema kwamba fulani "ana shinikizo la damu" ni kutosema lolote hadi iongezwe "la juu".

Mnamo 1962, Lewis Dahl na wenzake katika maabara ya Brookhaven, New York, walieleza jinsi walivyozalisha nasaba mbili za panya. Kwa lishe ile ile yenye chumvi nyingi, nasaba moja ilipandwa na shinikizo vibaya, ilhali ya pili haikutikisika. Baadaye figo za nasaba moja zilipopandikizwa katika nyingine, ilidhihirika kwamba shinikizo hufuata figo: panya dhaifu aliyepewa figo ya panya sugu alipata nafuu. Figo ndiyo huitoa chumvi kwa mkojo. Ikilemewa, mwili huzuia maji ili kuizimua chumvi iliyobaki, ujazo wa damu huongezeka na mishipa huelemewa.

Hata hivyo, panya si mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulifanyiwa sokwe nchini Gabon, ambao chakula chao cha kawaida ni matunda na mboga. Baadhi yao waliongezewa chumvi hatua kwa hatua hadi gramu 15 kwa siku. Baada ya miezi 20, shinikizo la juu la moyo unapopiga lilikuwa limepanda kwa wastani wa milimita 33 za zebaki. Chumvi ilipoondolewa, likarejea lilikokuwa katika muda wa miezi sita. Wachache hawakuathirika, jambo linalowakumbusha wasomaji wale panya sugu wa Dahl.

Binadamu hafungiwi kizimbani kama sokwe, kwa hivyo ushahidi wake una utata zaidi. Utafiti wa INTERSALT wa 1988 uliwapima zaidi ya watu 10,000 katika vituo 52. Wayanomamo wa Brazili, ambao karibu hawatumii chumvi, walikuwa na shinikizo la chini lisilopanda kwa uzee. Hapa nahau yetu inapwaya: wapo wazee wasioila. Lakini jamii nne zenye chumvi kidogo, mojawapo ikiwa ya Kenya, zilipoondolewa katika hesabu, uhusiano wa chumvi na wastani wa shinikizo wa kila kituo haukujitokeza waziwazi. Wapinzani waliushikilia udhaifu huo.

Pengine ushahidi wa karibu zaidi ni wa Waluo waliohama vijijini karibu na Ziwa Viktoria kwenda Nairobi, uliochapishwa mwaka 1990. Miezi michache tu baada ya kuhama, shinikizo lao lilizidi la wenzao waliobaki, na sodiamu katika mkojo wao ikaongezeka ikilinganishwa na potasiamu. Uzito wao na mapigo ya moyo pia vilikuwa juu zaidi, hivyo chumvi haiwezi kubebeshwa lawama yote.