Kubana Diski ya Kompyuta ya Zamani

Kila mtu wa Rumonge amekwisha kuona ndagala wakianikwa. Maji yakiisha kutoka, samaki waliojaza vikapu vingi huingia katika gunia moja. Kubana faili kuna mfano wa kazi hiyo. Pale maneno yale yale yanaporudiwarudiwa, kompyuta huyaandika kwa kifupi, na ukifungua faili huyarudisha yote kamili. Hakuna herufi inayopotea. Lakini kila kufungua ni kazi, na kompyuta ya zamani hulemewa upesi.

Tuyatazame matatizo matatu ya kompyuta zenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001.

1. Kompyuta imekuwa nzito. Huenda mtu ameibana diski nzima, pamoja na programu. Fungua My Computer, bonyeza diski C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, uondoe alama penye maneno «Compress drive to save disk space». Lakini angalia: faili zikifumuliwa hutaka nafasi zaidi. Hamisha kwanza baadhi yake kwenye flashi.

2. Diski imebanwa, wala nafasi haikuongezeka. Picha za JPEG na nyimbo za MP3 zimekwisha kubanwa tangu zilipotengenezwa. Ndagala mkavu ukimwanika tena hapungui. Zinazopungua sana ni barua na orodha za alama zilizoandikwa kwa Word na Excel za zamani. Yafaa kubana folda hizo peke yake. Na kama nafasi ya kutia alama haionekani kabisa, huenda diski ni ya FAT32. Kazi hii hutaka NTFS.

3. Kompyuta haiwaki, ila inaandika «NTLDR is compressed». NTLDR ni faili inayoiamsha Windows. Ikibanwa, Windows bado imelala, basi nani ataifumua? Ni ufunguo wa ghala uliofungiwa ndani ya ghala. Wengine hukata tamaa hapa wakaifuta diski yote, na kazi za wanafunzi za miaka mingi zikapotea bure, kumbe zilikuwa zimo salama. Washa kompyuta kwa CD ya Windows XP, bonyeza R, uandike neno la siri la msimamizi. Kisha andika:

attrib -c c:\ntldr

Halafu andika exit, utoe CD. Kompyuta ikiisha kuwaka, fuata dawa ya kwanza.

Nanyi mliokwisha kumaliza shule, mlio maofisini Rumonge au Bujumbura, mkiyaona maneno hayo msikubali diski ifutwe kabla ya kujaribu dawa hii.

Maswali
1. Kwa nini picha ya JPEG haipungui ikibanwa?
2. Kwa nini hapana budi kuacha nafasi kabla ya kufumua diski?
3. NTLDR ikibanwa, faili za wanafunzi zimepotea? Eleza.