Usinywe Dawa Iliyomponya Jirani: Kijitabu cha Kaya Kuhusu Ugonjwa wa Ini

Kwa nini kimeandikwa

Wagonjwa wa ini wanaoletwa kwetu wanafanana. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, macho yamekuwa manjano. Na ndani ya kikapu cha ndugu aliyemsindikiza mgonjwa kuna chupa iliyojaa maji ya kahawia. Ukiuliza ni nini, unajibiwa, "Ni dawa ya ini, ilimsaidia shemeji yake." Mgonjwa ameinywa wiki tatu, mwezi, wakati mwingine miezi, na ndiyo kwanza anafika kituoni.

Nimechoka kuiona chupa hiyo. Kwa hiyo kuna neno moja utakalokutana nalo tena na tena humu: usinywe dawa iliyomponya jirani.

Ini huharibiwa na nini

Watu wengi wanajua pombe tu. Ndiyo maana mama ambaye hajawahi kuonja pombe maishani akiambiwa ini lake limeharibika, familia huanza kumtafuta aliyemroga. Hakuna aliyemroga. Huku kwetu ini huharibiwa na virusi vya homa ya ini, hasa B. Huharibiwa na pombe, na mafuta yanayojaa ndani yake kwa sababu ya unene na kisukari, na kichocho cha tumbo kwa watu wa kandokando ya ziwa, na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga. Na huharibiwa na dawa.

Mara nyingi mambo hayo humkuta mtu mmoja mawili au matatu kwa pamoja. Mwenye virusi vya B anayekula mahindi yenye sumukuvu yuko karibu zaidi na saratani ya ini kuliko mwenye moja tu kati ya hayo. Kenya, mwaka 2004, sumukuvu iliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua watu hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha na kusonga ugali hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yaliyoota ukungu usiyasage, usiwape kuku, usimpe ng'ombe, kwa maana sumu hupita na kuingia kwenye maziwa.

Yanayotembea kwenye ukoo

Watu wawili wanakula chungu kimoja na kunywa pombe moja. Mmoja anazeeka na ini lake, mwingine tumbo linajaa maji kabla hajafika miaka 50. Sehemu ya tofauti hiyo wamezaliwa nayo. Zipo koo ambazo mafuta hujaa kwenye ini upesi, hata kwa mtu asiye mnene sana. Zipo koo za kisukari. Kusini mwa Afrika, tangu miaka ya 1920, madaktari wamekuta maini yaliyojaa madini ya chuma kwa wanywaji wa pombe za kienyeji zilizotengenezwa kwenye mapipa na vyombo vya chuma. Si wanywaji wote walioumia, na watafiti wanaona kuwa urithi wa mtu una sehemu yake katika hilo. Wewe unayepika pombe kwenye pipa la chuma, jua kwamba kuna mteja wako ambaye mwili wake haujui kukitoa chuma hicho.

Mtoto mwenye seli mundu naye yuko kwenye hatari hiyo, kwa sababu kila chupa ya damu anayoongezewa inamwachia chuma mwilini. Usimnunulie vidonge vya madini ya chuma eti vya kuongeza damu mpaka kliniki yake iseme. Foliki asidi anayopewa kliniki ni kitu kingine. Hiyo aendelee nayo.

Upo pia ugonjwa adimu uitwao Wilson, ambapo mwili unashindwa kutoa madini ya shaba. Kijana mwenye ini bovu ambaye mikono inatetemeka, ulimi unakuwa mzito, na tabia inabadilika ghafla, asipelekwe kwenye maombi peke yake. Apelekwe hospitali pia. Akikutwa nao, kila ndugu yake wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa nao. Dawa ipo, ni ya maisha yote, na ikianza mapema mtu anaishi vizuri.

Homa ya ini B si ya kurithi. Inaonekana kama ya ukoo kwa sababu mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na watoto wadogo huambukizana nyumbani. Mtoto mchanga akiipata, mara tisa kati ya kumi hubaki nayo maisha yote. Mtu mzima akiipata, kwa kawaida mwili huishinda wenyewe. Likumbuke jambo hili, tutalirudia hapa chini.

Mmoja akikutwa na ugonjwa wa ini

Wapimwe wote: mama yake, ndugu zake, mwenzi wake na watoto wake.

Kwa nini dawa ya jirani si yako

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Miili haipokei dawa sawasawa. Kuna dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, na pengine nyumbani kwako kuna aliyewahi kuimeza. Kidonge ni kilekile, lakini kwa mtu mmoja mwili hukimaliza upesi, na kwa mwingine hukaa nacho muda mrefu zaidi, na huyo wa pili ndiye ambaye ini lake huwa hatarini zaidi. Wamezaliwa hivyo. Huwezi kujua kwa kumtazama mtu, wala kwa unene wake, wala kwa nguvu zake za kulima. Hiyo ni dawa iliyopimwa, ambayo kipimo chake kinajulikana kwa miligramu, na bado tunawaambia wagonjwa warudi siku hiyohiyo wakiona macho ya manjano. Sasa niambie, magome yaliyochemshwa kwenye sufuria yana kipimo gani? Na mwili wako ni wa aina gani?

Juu ya kile ulichozaliwa nacho, weka ulichokibeba: virusi usivyovijua, kisukari ambacho hujapima, kitambi, pombe ya wikendi. Ini lililokwisha kuumia halina nguvu ya kushughulikia kile ambacho ini la jirani lilikishughulikia. Usinywe dawa iliyomponya jirani.

"Lakini mbona alipona kweli?" Alipona, sikatai. Homa ya ini A hupona yenyewe kwa wiki au miezi michache. Homa ya ini B kwa mtu mzima mara nyingi nayo hupona yenyewe. Mtu huyo angekunywa maji ya madafu angepona. Alikuwa anakunywa mizizi, basi sifa ikaenda kwa mizizi, na mizizi ikaletwa kwako wewe ambaye ugonjwa wako ni wa miaka ishirini.

Sisemi kila jani ni sumu. Nasema ini lako likiwa linaumwa, usiingize mwilini kitu ambacho mtoa huduma wako hakijui. Hakuna dawa ya kusafisha ini. Iwe ya unga, ya maji, ya kuuzwa kwenye basi, ya kutangazwa redioni, ya kutoka nje ya nchi ikiwa na picha ya ini kwenye kopo: usinywe.

Na za dukani pia:

Panadoli za miligramu 500 zisizidi nane kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya. Mwenye ini bovu, anayekunywa pombe kila siku, au aliyekonda sana, kipimo chake ni kidogo kuliko hicho. Aulize kabla ya kumeza. Dawa nyingi za mafua zina panadoli ndani yake, kwa hiyo ukimeza zote mbili umezidisha bila kujua. Diklofenaki na ibuprofeni, zile za mgongo na viungo, kwa mtu ambaye tumbo lake limejaa maji zinaweza kuzima figo na kumtapisha damu. Aspirini asipewe mtoto mwenye homa. Sindano ya mtaani usichomwe. Vidonge vya ARV vya ndugu usivimeze kwa kuwa umesikia vinatibu homa ya ini. Ndani yake kuna dawa inayotumika kweli, lakini ukiwa na VVU bila kujua unaweza kuvifundisha virusi kuishinda dawa. Pima yote mawili kwanza.

Mwambie mwenye duka la dawa una ugonjwa wa ini kabla hajakupa chochote. Si aibu.

Aliyeanzishiwa tenofovia

Ni kidonge kimoja kila siku. Kinavilaza virusi vya B, hakiviui vyote. Ukijisikia vizuri ukaacha, virusi vinaweza kuamka kwa nguvu na kuliharibu ini kwa wiki chache. Usiache mpaka daktari akuambie. Usikibadilishe na dawa iliyomponya jirani.

Kitambi, sukari na ini

Mafuta kwenye ini hayaumi. Mtu hukaa nayo miaka mingi, hana dalili, huku ini likigeuka kovu kidogo kidogo. Ukiwa na kisukari, presha au kitambi, omba ini lipimwe. Hakuna kidonge cha dukani cha kuyayeyusha mafuta hayo. Kupungua uzito ndiko kunakosaidia. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 7 hadi 9 taratibu, ini linapata nafuu ya kweli. Anza kwa kuacha soda: chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vidogo vinane. Badala yake kunywa chai isiyo na sukari, au kahawa chungu isiyo na sukari. Kahawa hailidhuru ini, na wanywaji wake wanaonekana kupata makovu machache zaidi. Tembea kwa miguu kila siku mpaka jasho likutoke. Dawa za kisukari usiziache kwa kuogopa kwamba zitachoma ini, maana sukari iliyopanda ndiyo inayozidi kuliharibu.

Pombe

Mwenye ugonjwa wa ini hana kiasi salama: si bia, si mnazi, si gongo.

Chakula cha mgonjwa

Tumbo likiwa na maji, punguza chumvi hadi kidogo kabisa. Usimnyime maharage, mayai wala samaki. Wengi hukonda na kufa kwa kunyimwa. Apewe kitu kidogo cha kula kabla ya kulala.

Chanjo

Watoto wanaipata kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, kwa hiyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuchanjwa. Pima kwanza. Ukiwa huna virusi, chanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mjamzito apimwe kwenye hudhurio la kwanza.

Nenda kituoni siku hiyohiyo

Macho kuwa manjano. Mkojo kuwa mweusi wakati unakunywa maji ya kutosha. Kutapika damu. Choo cheusi cha kunata. Tumbo kuvimba, hasa likivimba huku kuna homa na maumivu. Mgonjwa kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku. Ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu ukaona manjano, nenda kabla ya kumeza dozi inayofuata. Usipitie kwanza kwa mwenye dawa iliyomponya jirani. Siku mbili unazozipoteza huko sisi hatuwezi kukurudishia.

Ukurasa wa kuandika

Beba kila unachokunywa: vidonge, chupa, unga, magome, hata kile ulichoambiwa usimwonyeshe daktari. Hatutakugombeza. Jaza hapa kabla ya kutoka nyumbani, na asiyeweza kuandika amwombe mtoto wa shule.

Jina la dawa, au rangi yake na ilipotoka: ........................

Aliyenipa: ........................

Nilianza kuinywa tarehe: ........................

Katika ukoo wetu nani aliugua ini, kisukari au seli mundu: ........................

Ndugu ambao bado hawajapimwa: ........................