Hakimu Aliyepandishwa Cheo

Watu wengi hudhani ya kuwa mtawala mdhalimu huipinga haki kwa bunduki tu. Sivyo. Anazo njia nyingine za upole, na yatupasa kuzitambua. Tutazame leo kesi moja ya Italia.

Tarehe 30 Mei 1924 Giacomo Matteotti, mbunge wa Kisoshalisti, alisimama Bungeni mjini Roma akashutumu hila na mapigo ya Mafashisti katika uchaguzi. Tarehe 10 Juni alikamatwa njiani karibu na nyumba yake, akatiwa katika motokaa na kuuawa. Maiti yake ilionekana tarehe 16 Agosti, imefukiwa porini nje ya mji.

Wauaji hawakujua kwamba siku moja kabla, bawabu wa jirani aliishuku motokaa hiyo kuwa ya wezi, akaandika nambari yake. Kwa uzi huo mwembamba polisi walimfikia mhariri wa gazeti moja la Mafashisti, na kisha Amerigo Dumini, kiongozi wa wauaji. Hakimu wa upelelezi, Mauro Del Giudice, akisaidiwa na Guglielmo Tancredi, hakuridhika na mikono iliyoua. Alikitafuta na kichwa kilichoituma. Cesare Rossi, mkuu wa habari wa Mussolini, na Giovanni Marinelli, mweka hazina wa chama, wakatiwa gerezani.

Serikali ikafanyaje? Haikumpiga hakimu huyo. Ilimpandisha cheo, ikampeleka Catania, kule Sisilia, na kesi ikaingia mikononi mwa wengine. Wakubwa wakaachiliwa. Machi 1926 waliosalia walihukumiwa katika mji wa Chieti, mbali na Roma, nao walitetewa na Roberto Farinacci, katibu wa chama chenyewe cha Mafashisti. Watatu walipewa miaka 5, miezi 11 na siku 20, eti hawakukusudia kuua. Kwa ajili ya msamaha wa serikali, baada ya muda mfupi walikuwa huru.

Twajifunza nini? Kwanza, cheo chaweza kuwa kufuli. Anayepewa heshima ili aache kazi ya haki hakuheshimiwa, amefungwa mdomo. Pili, sheria yaweza kufa huku mahakama ingali wazi, mahakimu wamevaa majoho yao na hukumu zasomwa kwa sauti. Tusidanganywe na sura ya mambo. Tatu, ukweli huanza kwa watu wadogo. Bila kalamu ya bawabu, hakimu angeanzia wapi?

Mwaka 1947, utawala wa Mafashisti ulipokwisha kuanguka, kesi ilisikilizwa upya, na Dumini na wenzake wawili wakahukumiwa kifungo cha maisha. Haki ilichelewa zaidi ya miaka 20. Lakini ilikuta njia imekwisha kufyekwa na wale waliofanya kazi yao kwa uaminifu, kila mmoja mahali pake, siku ambazo uaminifu ulikuwa hatari.