Juisi ya Mboga Mbichi: Maji Kwanza, Blenda Baadaye

Kiangazi kinapoelekea mwisho, Septemba na Oktoba, joto la ukanda wa Ziwa Tanganyika humwelemea yeyote anayefanya kazi juani. Pale Ilagala, wilayani Uvinza, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani, kuna wanaoanika dagaa, wanaochemsha mawese na wanaosubiri kivuko wavuke, na wengi wao hukata kiu kwa soda. Chupa moja ya mililita 350 mara nyingi ina sukari ya gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya mlo wa siku, na ni heri zaidi ikishuka hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja tu imeshapita hapo.

Ipo njia nyingine ya kukata kiu, na vitu vyake vinapatikana sokoni: tango, karoti, tangawizi, ndimu. Tango peke yake ni maji kwa takriban asilimia 95. Ukilisaga na kulichuja unapata kinywaji chepesi chenye harufu nzuri, hakigandi kooni kama juisi ya embe, na hakidai sukari nyingi. Kukitengeneza ni kazi ya robo saa.

Lakini mboga hizi hazipikwi, na hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko kipimo chochote cha karoti. Mchuzi wa migebuka ukichemka, moto unaua vijidudu vilivyoletwa na maji, kisu au mikono ya mpishi. Juisi haipiti motoni. Chochote kilichokuwa kwenye ndoo kinafika tumboni kama kilivyo.

Watu wa ukanda huu wanajua gharama ya maji machafu. Kipindupindu kimekuwa kikirudi katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Tanganyika tangu miaka ya 1970. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, wagonjwa walifika maelfu ndani ya wiki chache, na watu takriban 30 walipoteza maisha. Ziwa lenyewe linadanganya macho. Kina chake kinafika mita 1,470 na maji yake ni maangavu kiasi kwamba mtu huona mawe ya chini akadhani yanafaa kunywewa. Ufukweni hapohapo watu wanaoga, wanafua na kuosha samaki. Maji ya Malagarasi angalau hayajifichi: mto huo una bonde kubwa kuliko mito yote inayoingia ziwani, na masika yakikolea hushuka na tope la kila mahali ulikopita.

Basi anza na maji, ikiwezekana tangu jana yake. Kama yana tope, yaache yatuame, kisha yamimine polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Baada ya hapo yachemshe mpaka yatokote, uyaache yaendelee kutokota kwa dakika nzima. Yafunike yapoe katika chombo hichohicho, kwa sababu kuyahamishia kwenye ndoo isiyooshwa ni kuyachafua upya. Asiye na kuni au mkaa wa kutosha atumie dawa ya kutibu maji kama WaterGuard, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na asubiri dakika 30 kabla ya kuyatumia. Dawa hiyo hudhoofika katika maji yenye tope, ndiyo maana kuchuja kunatangulia. Hata jua linaweza kufanya kazi: jaza maji yasiyo na ukungu katika chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zilaze juani saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Ndimu haitibu maji. Uchachu wake unapendeza ulimini, lakini usiutegemee kuua vijidudu.

Maji hayohayo salama ndiyo ya kuoshea mboga. Nawa mikono kwa sabuni, na kama nyumbani kuna kibuyu chirizi, hapo ndipo pake. Karoti iliyotoka shambani ina udongo kwenye vijistari vyake, na udongo wa bustani iliyotiwa samadi unaweza kubeba mayai ya minyoo. Isugue, ikwangue ganda, kisha uisuuze tena baada ya kuikwangua. Tango lisafishwe kabla ya kukatwa, maana kisu kinachopita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu ndani. Ubao uliokatiwa samaki usikatiwe mboga mpaka uoshwe kwa sabuni na maji ya moto. Njia nyepesi zaidi ni kukata mboga kwanza na samaki baadaye.

Kwa glasi nne, chukua matango mawili ya wastani, karoti moja, kipande cha tangawizi kinacholingana na kidole gumba, ndimu mbili na vikombe vitatu vya maji yaliyopoa. Kabla ya lolote, kata kipande chembamba upande wa kikonyo cha kila tango, ukionje. Tango zuri lina ladha ya maji. Likiwa chungu kidogo, menya na utupe sehemu ile. Likiwa chungu hasa, kiasi cha kukukunja uso, litupe lote, kwa kuwa uchungu huo unatokana na kemikali za asili za mmea ambazo zikiwa nyingi huumiza tumbo na kutapisha, na sukari huuficha tu bila kuuondoa.

Weka karoti iliyokatwa vipande vidogo na tangawizi kwenye blenda pamoja na kikombe kimoja cha maji, usage mpaka zilainike. Hizi ndizo ngumu, zikitangulia mashine haisumbuki. Ongeza matango na maji yaliyobaki, saga tena kwa nusu dakika. Usijaze jagi la blenda kupita theluthi mbili. Chuja, kamulia ndimu mwishoni, na tia chumvi ya kubanwa kwa vidole viwili tu. Chumvi kidogo hivyo huamsha ladha ya tango. Uvinza imechemsha chumvi kutoka chemchemi zake kwa karne nyingi, na wafanyabiashara wa misafara waliijua kabla reli haijafika Kigoma. Kwa matumizi ya nyumbani chagua iliyotiwa madini joto. Anayetaka utamu asage na vipande viwili vitatu vya nanasi lililoiva badala ya kumimina sukari. Majani machache ya mnanaa, kama yapo, yatapendeza.

Ukimaliza, fungua visu vya blenda na utoe ule mpira ulio chini yake. Wengi huosha jagi tu na kuligeuza juu chini. Chini ya mpira ule hubaki nyuzi za karoti na utelezi wa juisi ya jana, na katika joto la Kigoma unyevu huo unachacha ndani ya saa chache. Osha kila kipande kwa sabuni, kisha ukikaushe kabla ya kurudishia.

Nyumba isiyo na umeme au blenda haikosi kitu kikubwa. Kwaruza matango na karoti kwa kikwaruzo cha karoti, twanga tangawizi, changanya vyote na maji, acha dakika kumi, halafu kamua kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa. Juisi hii hutoka angavu kuliko ya blenda, na wapo wanaoipenda zaidi, nikiwamo mimi. Kinu kinafaa pia, ila kiwe cha kazi hiyo. Kinu kilichotwangiwa dagaa kimeshanywa harufu yao, nayo haitoki kwa kuosha mara moja, mbali na vijidudu vinavyojificha katika nyufa za mti.

Siku hizi watu husaga kila jani la kijani wakiamini kwamba bichi ndilo bora. Hapa naomba tahadhari kubwa. Kisamvu, ambacho ng'ambo ya ziwa huitwa sombe, kisisagwe kibichi kwa ajili ya kunywa, hata kijiko kimoja. Majani ya muhogo yana kemikali ambazo, jani linapopondwa, hutoa sumu ya sianidi. Mama zetu hutwanga kisamvu kisha wakakichemsha muda mrefu, na desturi hiyo ina sababu: kutwanga kunaifungua sumu, kuchemsha kunaifukuza. Blenda hufanya nusu ya kwanza tu ya kazi hiyo, halafu glasi inakupa sumu yote. Katika mkoa ambao muhogo uko karibu kila shamba, onyo hili lifike kwa kila kijana anayeanza kujifunza kutengeneza juisi za kijani. Mchicha hauna sumu hiyo, lakini una asidi inayozuia mwili kutumia vizuri madini ya chokaa, na kwa baadhi ya watu huchangia mawe kwenye figo. Ukitaka rangi ya kijani, tumbukiza kiganja cha mchicha katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, mwaga maji yale, ndipo usage. Matembele yabaki kwenye sufuria, huko ndiko yanakonoga.

Kiazi chekundu, yaani bitiruti, nacho kimebebeshwa sifa kubwa kuliko uwezo wake. Wajawazito wengi huambiwa wanywe juisi yake kuongeza damu. Ina folati, ambayo mjamzito anaihitaji, lakini gramu 100 za bitiruti zina madini ya chuma chini ya miligramu 1, ilhali mjamzito anahitaji karibu miligramu 27 kwa siku. Hakuna tumbo litakaloweza kunywa bitiruti za kutosha kufidia pengo hilo. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki vimezwe kama mhudumu alivyoelekeza, na mezani pawepo dagaa na maharage. Juisi yenye ndimu inywewe pamoja na mlo huo, kwa kuwa vitamini C inausaidia mwili kufyonza chuma cha maharage na mboga. Chai isubiri saa moja au mbili, maana inafanya kinyume. Wenye shinikizo la damu pia wasiache dawa zao kwa sababu ya bitiruti. Na anayeinywa mara ya kwanza asishtuke mkojo ukitoka na wekundu, hiyo ni rangi ya kiazi.

Karoti inasifiwa kwa vitamini A, na ni kweli rangi yake ndiyo mwili hugeuza kuwa vitamini hiyo. Lakini mwili huifyonza vizuri kukiwa na mafuta kidogo, na juisi haina mafuta. Inywe pamoja na chakula. Zaidi ya hapo, mkazi wa Ilagala ana mawese, na yale mekundu ambayo hayajasafishwa kiwandani yana rangi hiyohiyo kwa wingi. Mboga iliyoungwa kwa mawese kidogo inampa mtoto vitamini A kwa uhakika kuliko glasi ya juisi ya karoti. Makapi yanayobaki kwenye chujio nayo yasitupwe, kwani ndiyo yenye nyuzinyuzi. Yatie kwenye mchuzi au uyachanganye na unga wa chapati.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe juisi hii wala maji, maziwa ya mama yanamtosha. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari kabla ya kuizoea. Mwenye kisukari anaweza kunywa ya tango na ndimu bila nanasi wala sukari.

Itengenezwe ya kumalizwa muda huohuo. Ikikaa nje zaidi ya saa mbili, imwage, na kama kuna friji, isivuke kesho yake. Barafu iwe ya maji yaliyochemshwa, kwa sababu kugandisha maji hakuui vijidudu vyake. Barafu ya mwaloni, ile inayoletwa kwa ajili ya samaki, isiingie kwenye glasi ya mtu hata kama imesuuzwa na inang'aa.

Na kama nyumbani kuna anayeharisha, hasa choo cha majimaji kinachofanana na maji ya kuoshea mchele, weka juisi kando. Mpe maji ya ORS. Kama pakiti haipo, koroga vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji salama. Mnyweshe kidogo kidogo bila kukatiza, na muwahishe zahanati siku hiyohiyo, iwe mchana au usiku.