Kompyuta Bila Karo: Jinsi Kikundi Kinavyoweza Kujifundisha



Katika somo hili tutaangalia namna ya kujifunza kompyuta bila kungoja mwalimu atoke mjini. Mmoja wenu alisome kwa sauti mkutanoni, kisha mjadili maswali yaliyo mwisho.

KWA NINI TUJIFUNZE?

Wazee wetu wanakumbuka ngumbaru. Serikali ilipounda Idara ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1979, akina mama na akina baba walikaa darasani jioni wakajifunza kusoma na kuandika. Wako waliowacheka. Lakini aliyejua kusoma hakuweka tena kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

Leo mambo ni yale yale. Huduma nyingi za serikali, kama vile cheti cha kuzaliwa, huombwa kupitia eCitizen. Asiyejua humpa mtu wa saiba namba ya kitambulisho na neno lake la siri, halafu analipa, na mwezi ujao analipa tena. Hicho nacho ni kidole gumba.

SHIDA IKO WAPI?

Tukitembelea vikundi kutoka Maua hadi Siakago, tunaona jambo moja. Kikundi kinachanga pesa ya chai, ya miraa au ya mbuzi wa maziwa, kinanunua kompyuta. Baada ya miezi michache imefunikwa kitambaa nyumbani kwa mwenyekiti. Kikundi kingine kinamlipia kijana mmoja karo ya chuo, naye akimaliza anaenda Nairobi kutafuta kazi. Hatumlaumu, lakini ujuzi umeondoka naye.

Masomo ya mwanzo yako bure kwenye intaneti. Kinachokosekana ni siku maalum, mahali pa kukutana na mtu wa kusimamia. Hivyo vyote kikundi tayari mnavyo. Ninyi mnaoweza kukutana kila wiki kwa michango ya mzunguko, mnaweza pia kukutana kwa somo.

MASOMO YAPATIKANA WAPI?

1. GCFGlobal. Hapa ndipo pa kuanzia. Wanafundisha kutumia kompyuta, kuandika barua, kutuma barua pepe na kupiga hesabu kwa jedwali. Masomo ni mafupi na yana picha.

2. Khan Academy. Shirika hili lilianzishwa mwaka 2008 na Salman Khan wa Marekani. Linafaa kwa hesabu na kwa mwanzo wa kuandika programu.

3. freeCodeCamp na Cisco Networking Academy. Hawa ni wa kijana aliyekwisha kuzoea. Kwa freeCodeCamp anajifunza kutengeneza kurasa za intaneti, na kwa Cisco anajifunza jinsi kompyuta zinavyounganishwa. Masomo mengi ya Cisco ya kujisomea hayana malipo.

4. Ajira Digital. Huu ni mpango wa serikali ya Kenya ulioanza mwaka 2016, wa kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni. Mafunzo yake ni bure.

Masomo mengi yako kwa Kiingereza. Hilo lisiwavunje moyo. Kijana wa Form Four asome, aeleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na kila neno jipya liandikwe kwa daftari pamoja na maana yake.

NA BANDO JE?

Video hula bando haraka. Maandishi na picha hula kidogo. Kwa hiyo someni maandishi kwanza, na video muiweke kwa sehemu ngumu tu. Mtu mmoja akienda Meru au Embu mjini, aulizie maktaba ya umma au mahali penye mtandao wa bure, apakue masomo na kuyaleta nyumbani kwa simu.

Iko pia programu ya bure inayoitwa Kolibri, ya shirika la Learning Equality. Inawekwa kwa kompyuta moja pamoja na masomo, kisha simu zilizo karibu zinasoma kutoka kwa hiyo kompyuta kwa waifai, hata pasipo na intaneti. Kompyuta moja hivyo inaweza kutosha ukumbi mzima.

ZOEZI: DAFTARI LA MWEKA HAZINA

Msianze na michezo. Anzeni na kitu kinachowauma. Vikundi vingi vimevunjika kwa sababu ya hesabu, na mara nyingi hakuna aliyeiba. Ni mweka hazina aliyekosea kujumlisha.

Fungueni programu ya jedwali. LibreOffice haiuzwi, mnaipakua bure. Safu ya A andikeni majina ya wanachama, safu ya B michango ya wiki. Mstari wa kwanza uwe wa vichwa. Kama mko 20, majina yatafika mstari wa 21. Chini yake, kwa safu ya B, andikeni =SUM(B2:B21). Ikiwa kila mtu ametoa shilingi 200, jibu litakuwa 4,000.

Sasa mmoja apige hesabu ile ile kwa kalamu. Majibu yakitofautiana, tafuteni kosa pamoja. Kompyuta hujumlisha kile ilichopewa. Ukiandika 20 mahali pa 200, itakubali bila kuuliza. Kwa hivyo daftari la karatasi lisitupwe.

Mwanachama aliyeketi kwenye kiti cha kompyuta wiki hii, wiki ijayo ampishe mwingine. Aliyejifunza amfundishe anayefuata. Mtu hujua kweli alichojifunza siku anapomweleza mwenzake.

TAHADHARI

Kwanza, kazi ya mtandaoni inayodai "ada ya kujiandikisha" ni ya kuogopwa. Mwajiri hulipa mfanyakazi, halipwi naye.

Pili, cheti cha masomo ya bure kinaonyesha bidii, lakini si sawa na cheti cha mtihani wa taifa. Mtoto akitaka kwenda chuo cha ufundi, ulizeni kwanza kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Ulizeni kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Tatu, neno la siri halipewi mtu, hata mwalimu wa kikundi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwezi uliopita tulilipa pesa ngapi kwa mambo ambayo tungeweza kujifanyia wenyewe?
2. Nani kati yetu ana simu au kompyuta inayoweza kutumika, na tutailinda vipi?
3. Ni siku gani na saa ngapi akina mama wataweza kuja bila kuacha ng'ombe hajakamuliwa?
4. Nani atafundisha somo la kwanza, na nani atafundisha la pili?

Andikeni majibu kwa kitabu cha kumbukumbu za mkutano. Lisiloandikwa husahaulika kabla ya soko lijalo.